Niliambiwa nina pumziko, nikaenda kupumzika

Kosa ni langu, nakiri! Nimesimama mlangoni mwa ukumbi, samaki mgebuka wa kukaanga mkononi, mafuta yananichuruzika hadi kwenye kiwiko, watu wote wamegeuka kunitazama. Nikaona aibu, nikasema, "Hodi!"

Ukumbi mzima pale Katubuka ukaitikia, "Karibuuu!"

Jamani! Mke wangu kiti cha mbele akajifunika kanga uso mzima.

Mimi ni mpiga ngoma wa kwaya huku Bangwe, mwaka wa ishirini na mbili huu. Shule niliishia la nne. Akaja Mwalimu Fabiani, kahamishiwa huku kutoka Moshi, akatunga muziki wa manota: zinaanza fidla za Kizungu, inapokea taarabu ya Ujiji, halafu ngoma zetu za Kiha, vyote chungu kimoja. Nikakubali. Nilitaka na mimi nipigiwe makofi nimekaa kitini, siyo kila siku kwenye vumbi la harusi.

Siku yenyewe, asubuhi, akabadilisha karatasi ya nota. "Mzee, taarabu ikianza una pumziko refu. Nikiinua mkono, unaingia."

Sasa hapo niulize nini? Napumzika, halafu naingia!

Nikamuuliza tu Bi Zuhura, mpiga fidla wa Ujiji, napumzikia wapi. Akacheka. "Popote Mzee wangu, hata nje, kuna upepo." Mwanamke yule alijua! Alijua kabisa!

Taarabu ikaanza, nikalaza vijiti, nikatoka. Nje akina mama wanakaanga migebuka. Nikala. Kumbe ndani Mwalimu mkono uko juu, jasho linamtoka, ngoma hakuna!

Baada ya ile hodi, makofi! Watu walidhani ndivyo muziki ulivyotungwa. Mwalimu akainama kushukuru, bila haya.

Kesho yake akanifuta. "Mzee, huna nidhamu ya nota." Kiti changu kapewa Jastini wa Kalinzi.

Jumapili wameurudia. Taarabu inaanza, Jastini anatoka. Anarudi na mgebuka. Anabisha hodi! Imeandikwa kwenye karatasi, nimeonyeshwa!

Wenzangu msiosoma nota, ukiambiwa una pumziko, ni la ngoma siyo lako: ng'ang'ania kiti, usinyanyuke hata kwa haja!

Na wewe Mwalimu Fabiani, najua unasoma hapa. Nijibu mbele ya watu: mimi umenifukuza kwa kosa lile, mbona kosa lenyewe umelibakiza kazini?