Majibu ya Picha ya Zuwena

Sikwenda Maskati kutembea. Dada'angu Zuwena, aliyeolewa huko tangu ujana wake, alipiga simu kuwa ameonekana na uvimbe kwenye ovari. Mama, magoti hayamruhusu tena safari, akanambia, "Nenda ukamwone kwa macho yako, uje unieleze." Tulikuwa ndiyo kwanza tumeingia miaka ya elfu mbili.

Uwanjani alinipokea shemeji Nasor, tukenda moja kwa moja nyumbani kwao, mtaa wa Hail. Zuwena alifungua mlango mwenyewe, uso umemkonda, tumbo limemtoka. "We Asha, mbona umenenepa hivyo!" Nilicheka naye, lakini roho iliniuma.

Asubuhi yake, hospitali. Ultrasaundi ilikuwa imeuonesha uvimbe ila haikuweza kusema ni wa namna gani. MRI ndiyo ingepambanua kama ni maji matupu au kitu kibaya. Mashine ile ni ya sumaku, kwa hiyo alivua vyote. Bangili zake za harusi, ambazo zamani hazitoki bila ya sabuni, zilimponyoka zenyewe. Nikakaa nje nasikia mashine inagonga, nasoma kila dua niijuayo.

Siku ya majibu, daktari Msudani aliweka picha kwenye taa, akaonesha kwa kalamu, akasema taratibu kwa Kiarabu. Mie Kiarabu changu ni cha kusalia tu. Zuwena alisikiliza mpaka mwisho, akanigeukia, anatabasamu.

"Asema ni maji tu. Watayatoa, basi."

"Alhamdulillahi!" nikapiga ukelele mpaka muuguzi akageuka. Daktari aliinamisha macho.

Siku ya kurudi, njiani kwenda uwanjani, nilikuwa nacheka peke yangu kwa furaha. Nasor akasimamisha gari pembeni.

"Shemeji, siwezi kukuacha uondoke hujui. Ni saratani, na imeshaenea. Zuwena alisema uso wako haujui kuficha, mama atausoma."

Nilitaka turudi. Akanisihi, "Usimvunje. Hivi ndivyo alivyotaka."

Ndegeni nililia mpaka abiria wa jirani akanipa maji. Nilipofika Unguja nikanawa, nikajifunza kucheka mbele ya kioo cha chooni.

Mama alikuwa ukumbini, ananisubiri.

"Ni maji tu, mama," nikasema, na nikacheka kweli.

Alinishika mashavu kwa mikono miwili, akanitazama, kisha akajifunika kanga uso mzima, mabega yanamtetemeka. Zuwena alimtakia mama miezi michache ya kulala usingizi. Sikuweza kumfikishia hata usiku mmoja.