Utumbo wa Mbuzi na Suruali ya Mkaguzi

Jamani, aibu ukiisimulia mwenyewe inapoa kidogo, ndiyo maana nawaambia hii yangu kabla hamjaisikia kwa wanafunzi wangu wa zamani, maana wao huongeza chumvi (na chumvi siku ile ilikuwa ya kutosha).

Ilikuwa miaka ya sabini, mimi mwalimu mpya wa bayolojia katika shule ya wasichana pale Iringa, bado niko kwenye majaribio, na siku hiyo anakuja mkaguzi kutoka Mbeya kunitazama nikifundisha. Akiridhika nathibitishwa kazini, asiporidhika narudi kwetu Tukuyu kuchuma chai na dada zangu. Somo lenyewe kongosho, tezi iliyojificha nyuma ya tumbo, ambayo humwaga maji mengi yenye magadi kwenye utumbo ili kuzima ukali wa asidi. Wasichana walikuwa wameniuliza, "Mwalimu, kinyama kidogo hivyo, maji yote kinayatoa wapi?" Jibu ni kwamba kongosho halisukumi maji. Seli zake hupitisha chumvi na magadi kwenye vijia vyembamba mno (vitabu vya baadaye vilieleza kwamba vinafunguka na kufungika kama milango), halafu maji yanaifuata chumvi yenyewe.

Nikaona nikichora ubaoni tu mkaguzi atasinzia. Nikanunua utumbo wa mbuzi sokoni, nikausafisha, nikaujaza maji mazito ya magadi, nikafunga huku na huku, nikautumbukiza kwenye beseni la maji ili wauone ukivimba.

Tatizo, maji hayana haraka. Mkaguzi, mzee wa Kinyakyusa, suti ya kijivu imepigwa pasi mpaka ukiigusa unaweza kujikata, ameketi mbele kabisa, na utumbo umelala tu kwenye beseni kama kamba iliyolowa. Akatazama saa. Akatazama tena. Hapo ndipo nikafanya kauamuzi kadogo: nikauopoa, nikageukia dirishani kama natafuta chaki, nikafungua kamba, nikakamulia ndani limau la chai yangu lililokuwa pale dirishani, nikafunga haraka na kukaza kwelikweli, nikaurudisha majini. (Magadi na limau, jamani! Na mimi ndiye mwenye diploma.)

Ukaanza kuvimba, ukavimba vizuri mno, wasichana wakapiga makofi, na mimi, Mungu anisamehe, nikasema kwa sauti, "Mnaona? Maji yanaifuata chumvi!"

Mkaguzi akainuka, akasogeza uso. "Unaendelea tu kuvimba?"

"Ndiyo mzee, mpaka…"

Sikumaliza. Pwaa! Povu likamjaa kwenye miwani, mzee akaruka nyuma, akajikwaa kwenye kiti, akaishika meza asianguke, meza ikainama, na beseni zima likamshukia kwenye suruali.

Kisha Atupele wa dawati la mbele akaanza kulia. "Mwalimu, na makongosho yetu hupasuka hivyo?" Jirani yake akashika tumbo, halafu wa nyuma yake, halafu karibu wote, na wengine wakatoka mbio kwenda kwa nesi. Nikajua nikinyamaza hapa nitakuwa nimewatia hofu ya miili yao wenyewe kwa uongo wangu.

"Hakuna kongosho linalopasuka," nikasema. "Ule ulikuwa upepo, si maji. Nimetia limau."

Mkaguzi akavua miwani, akaifuta polepole. "Kwa nini, mwanangu?"

"Maji yalikuwa yanachelewa, mzee. Niliogopa utaondoka."

"Nani kakwambia naondoka?"

Akaenda jikoni, mama mpishi akamwazima khanga, suruali ikaanikwa kwenye ua, na mzee akarudi kuketi palepale mbele, koti na tai juu, khanga chini, hakuna aliyethubutu kucheka. "Anza upya," akasema. "Limau liache."

Nikaanza upya na kipande cha utumbo kilichokuwa kimebaki. Tukakaa. Waliokimbia wakarudi mmoja mmoja wakakaa nao, jua likahama dirisha, hakuna kilichotokea, hakuna kilichotokea, mpaka tukaona kamba zimeanza kuzama kwenye nyama ya utumbo. Mzee akauminya kwa kidole, ukamrudishia kidole.

"Ndaga," akasema taratibu, asante ya Kinyakyusa. "Kumbe kweli yanakuja yenyewe."

Nilithibitishwa. Lakini niliapa kutoyaharakisha maji tena, na toka siku ile, kila nikifika somo la kongosho nawaambia wasichana waje na vitambaa vyao vya kufuma, kwa sababu tutakaa.