Koti la Mtu Anayekuja

Mpwa wangu ni fundi cherehani, na ukitaka kujua akili zake alizitoa wapi, mtazame mjomba wake, yaani mimi. Kitambi sijui alikitoa wapi. Ukoo wetu hatuna. Hiki changu ni kifua kilichoteremka kidogo.

Anashonea katika chumba cha ghorofani, cherehani dirishani, mkewe pembeni akitengeneza matundu ya vifungo. Chini yao anakaa fundi saa. Binti yao alipochumbiwa, mpwa wangu alitoa sandukuni kitambaa cha sufu ya kijivu alichoachiwa na marehemu baba yake, fundi mwenziwe, kwa neno moja tu: "Hiki ukishone siku utakayosimama mbele za watu." Kingine kama hicho hakuna duka linalouza.

Nikaona nisimwache bila mawaidha. "Fundi," nikamwambia, "mbele za watu litatangulia tumbo, wewe utafuata baadaye. Wakwe watadhani mmekuja wawili."

Mkewe alicheka mpaka sindano ikamponyoka. Mwenyewe hakucheka. Alijizungushia futi yake ya kupimia, akaikodolea macho kama mtu aliyeona jina la mbaya wake. Kisha akashika chaki, akachora mistari ndani kabisa ya pale ilipostahili kupita, na mkasi ukalia krichi!

"Wee! Umekata nini?" mkewe akaruka.

"Koti."

"La nani? La mtoto?"

"La mtu anayekuja. Siku ya harusi atakuwa amefika."

"Na akichelewa njiani?"

Hapo ndipo nilipochungulia vizuri, roho ikanipasuka. Fundi yeyote huacha akiba ndani ya mshono, nguo ikibana ifumuliwe na kuongezwa. Huyu hakuacha hata ya kuingiza ukucha!

"Maji ukiyavulia nguo, Mjomba..." akaanza.

"Wewe umeyavulia nguo ambayo hata hujaishona!"

Mkewe akakusanya kitambaa kilichobaki, akakifungia kabatini. "Suruali nitakata mimi. Kwa mapaja nitakayoyaona, siyo ya kuota."

Kesho yake asubuhi mpwa wangu akaanza kuruka kamba, palepale juu ya sakafu ya mbao. Niseme kuruka? Kamba ilikuwa inapita, yeye anaiinulia visigino kwa heshima. Muda si muda fundi saa akapanda ngazi, kioo chake bado jichoni.

"Jirani, saa zangu zote zimesimama. Ile mbovu ndiyo imeanza kutembea!"

"Nivumilie, jirani. Nina mgeni njiani."

Akahamia uani. Mimi nikawa kocha, na kocha hukaa kwenye kigoda, haruki. Kila asubuhi nilimtia moyo: "Ongeza! Hata gunia huanguka kwa kishindo kidogo kuliko hicho!" Mvua ilinyesha, akaruka na matope yake. Nyayo zikavimba, akaruka na ndala. Kuna asubuhi moja tu alijifunika shuka gubigubi akisema magoti yamekataa. Mkewe alilitundika lile koti, sasa limeshashonwa, katikati ya mlango, limefungwa vifungo vyote, jembamba kama mwanzi. Hata kwenda msalani ilibidi mumewe alisukume kwanza. Akarudi, akachukua kamba.

Basi tukaanza kuona mambo! Vifungo vya shati vikaacha kugombana na matundu. Akaruka kwa mguu mmoja, akapishanisha mikono, kamba ikawa inavuma kama nyuki. Wateja wakawa wanawahi kuleta nguo ili waone. Nikawaambia wazi, huyo ni kazi ya mikono yangu.

Harusi ilipokaribia, tukajazana chumbani: mimi, bibi harusi, fundi saa. Mpwa wangu akavaa koti, bitana mpya inang'aa. Akavuta pumzi ndani ili afunge.

"Aa-a!" mkewe akampiga kofi mkononi. "Pumua kama mtu. Utasimama mbele za watu umevimba kama chura?"

Akaachia pumzi. Mkewe akakishika kifungo. Kikagusa ukingo wa tundu, kikasita. Fundi saa akafumba macho. Kikaingia!

Tulipiga kelele mpaka cherehani ikatikisika. Binti alimkumbatia baba yake, na mikono yake ikakutana mgongoni kwa mara ya kwanza. Mkewe akafungua kabati akajifanya anatafuta mkasi, kumbe anafuta machozi. Alipopima mapaja, akaguta: "Haya ya nani tena? Magogo! Suruali ungeikata siku ile, miguuni ungevaa mikono ya shati!" Kitambaa kilitosha kwa kuombewa.

Siku ya harusi alisimama mbele za watu, na tumbo halikumtangulia.

Kesho yake nikapita kuwapa pole ya uchovu. Uani, tap, tap, tap.

"Fundi! Mgeni si alishafika?"

"Alifika, Mjomba. Sasa namzuia asiondoke."

Nikainua macho. Dirishani alisimama mkewe, futi shingoni, chaki mkononi, ananitazama pale kifua changu kilipoteremkia. Nikakumbuka nina safari ya haraka.