Mkaguzi wa Makochi na Kamati ya Huruma

Fundi makochi hakuwa mtu wa maneno hata kabla ya kufiwa. Maneno ya nyumba ile alikuwa nayo mkewe. Yeye alikuwa na misumari, ameibana kwa midomo, anachomoa mmoja mmoja na kugonga. Baada ya mazishi akabaki na misumari yake.

Na paka. Paka alikuwa wa marehemu, dume la kijivu, sikio moja limechanika. Alikuwa na kazi. Kochi bovu likiletwa karakana, marehemu alikuwa akisema, "Mpishe Mkaguzi kwanza." Paka anapanda, anararua kitambaa kuukuu mpaka sponji inatoka nje, anasifiwa, anapewa kipande cha samaki. Fundi ndipo anaanza.

Mke akazikwa kwao. Fundi akakaa huko na wakwe siku chache. Paka akabaki ukutani analia, jirani akimrushia chakula. Kamati wakamwona.

Kamati ya Huruma kwa Wanyama ni watu wa mtaa huohuo, wenye fulana za rangi moja. Mke wa fundi aliugua mwaka mzima karibu na nyumba ya mwenyekiti wao. Hakuna fulana iliyobisha hodi. Paka alipolia, zilikuja lundo, na simu zimewashwa.

Fundi aliporudi, jirani akamwelekeza dukani kwa mwenyekiti, mama muuza vipodozi.

"Paka wangu yuko wapi?"

"Shikamoo baba. Pole na msiba. Paka tumemwokoa."

"Mmemwokoa na nini?"

"Na upweke, baba."

Fundi akamtazama kama anavyotazama mbao iliyoliwa na mchwa.

"Mrudisheni."

"Kuna utaratibu. Lazima tukague nyumba."

Wakaja. Katibu wao, dada mwenye viatu virefu, akakanyaga springi, akaruka na kupiga yowe. Akaona makochi matatu yamechanwachanwa.

"Haya kayachana nani, baba?"

"Paka."

Wakatazamana.

"Ana msongo wa mawazo," katibu akasema.

"Ana kazi," fundi akasema.

Wakacheka kile kicheko cha kumchekea mtoto. Mwenyekiti akalainisha sauti. "Baba, tusifichane. Umekula chumvi nyingi. Ukituondokea, paka atabaki na nani?"

"Na nyinyi. Si mna huruma?"

Wakanuna. Walipofika mlangoni wakatoa uamuzi: nyumba haifai. Paka atakwenda kwa familia yenye uwezo. Familia yenyewe ni kaka wa mume wa mwenyekiti, mwenye bustani na seti ya makochi meupe. Wakampa paka jina jipya, Malkia. Dume zima. Kamati nzima, na hakuna aliyeinua mkia akatazama.

Fundi alirudi kwenye misumari yake. Hakula vizuri. Akipita dukani, mwenyekiti anamwonyesha picha kwenye simu: Malkia amefungwa utepe shingoni.

"Unaona anavyopendeza?"

"Naona amefungwa."

Hazikupita wiki nyingi, mwenye makochi meupe akaja mwenyewe karakana, jasho linamtoka. "Mzee, njoo uniokoe."

Fundi akabeba mfuko wa vifaa. Alipoingia sebuleni alisimama tu. Mkaguzi alikuwa amefanya kazi peke yake, bila msimamizi, seti nzima. Kila mgongo umefunguliwa, sponji nje. Alimwona fundi, akashuka na mkia juu, akasubiri asifiwe.

"Kazi nzuri," fundi akamwambia.

Mwenyekiti alikuwepo, na katibu. "Tumeshapata nyumba nyingine, mbali kidogo," mwenyekiti alisema. "Wana mtaalamu wa tabia za wanyama. Anachukuliwa leo."

Fundi akamwaga vifaa sakafuni. Nyundo akaitia kwapani. Akamshika paka, akamwingiza kwenye mfuko, kichwa nje.

"Baba! Utaratibu!"

"Shemeji, mwache amchukue!" mwenye nyumba akafoka. "Mimi nimekoma. Na huruma yenu nimekoma."

Katibu akatoa simu. "Basi angalau picha moja ya pamoja, baba. Wafuasi wetu watafurahi."

Fundi alikuwa ameshafika mlangoni.

"Mzee, na makochi yangu?" mwenye nyumba akauliza.

"Kamati wako hapo. Wayaokoe."

Nyumbani akamtoa paka kwenye mfuko, akamwekea samaki. Paka hakutazama samaki. Alikwenda chumbani, akapanda kitandani, akanusa mto wa marehemu. Akaenda jikoni. Akarudi chumbani, akachungulia uvunguni, kisha nyuma ya mlango. Mwisho akaja akakaa mbele ya fundi, akamkazia macho kwa dharau, kama vile yeye ndiye aliyemficha.

"Usinitazame hivyo," fundi akamwambia. "Nimeshatafuta."