Jina Nyuma ya Blanketi

Leokadia alimnyang'anya Kahindo jina lake, na aliyelishona lile jina la uongo ni Kahindo mwenyewe, kwa mkono wake, bila kujua.

Kahindo alitoka Butembo, Kongo, akafika Sundbyberg, Uswidi, mwaka 2003 na binti yake Heshima na mfuko wa vikwembe, vitenge vya kujifunga vya marehemu mama yake. Shule hakuiona, wenzake walipokaa darasani, yeye alibeba wadogo zake mgongoni. Leokadia wa Bukoba alikuja kama mwanafunzi akabaki. Walijuana kanisani. Leokadia alikuwa na gari la mizigo na Kiswidi, Kahindo alikuwa na jicho la nguo. Wakaungana kuuza vitenge kwenye maonyesho ya mablanketi ya viraka.

Ijumaa wako Västerås, wiki inayofuata Gävle, kisha Norrköping. Wanashusha meza, wanapanga vitenge vilivyokatwa robo robo mita. Bibi wa Kiswidi akishika kipande, Kahindo anamwekea kingine pembeni, rangi zinapatana, bibi anacheka na kununua vyote viwili. Usiku walilala garini kuepuka hoteli.

Njiani Kahindo alishona. Alikata vikwembe vya mama yake, akaviunga kuwa blanketi moja, kwa majira matatu ya baridi.

"Mama Heshima, utamaliza lini? Hata Nuhu alimaliza safina!"

"Safina haikuwa na pindo, dada. Wewe endesha."

Mwezi wa nne 2010 palikuwa na maonyesho kwenye ukumbi mmoja huko Kista. Leokadia akashauri blanketi lishindanishwe. Desturi ya washonaji wale ni kwamba kila blanketi hubeba nyuma yake kitambaa kidogo chenye jina la aliyelishona. Kahindo akamwomba mwenzake amwandikie jina kwa penseli, kisha mwenyewe akapita juu yake na uzi mwekundu, herufi moja moja.

"Limekaa sawa?"

"Sawa kabisa, Mama Heshima. Zuri."

Jumapili wageni walipiga kura, na blanketi la vikwembe likashinda. Msemaji akasema maneno mengi ya Kiswidi, na ndani yake Kahindo akasikia jina la Leokadia. Akadhani mwenzake anaitwa kutafsiri. Akamsukuma begani.

"Nenda, dada! Nenda utusemee!"

Leokadia akaenda. Akapokea maua, akaongea kirefu. Kahindo alimpigia makofi mpaka viganja vikamwasha.

Nyumbani, Heshima ndiye aliyeligeuza blanketi. Alisoma, akasema jambo kwa Kiswidi, polepole.

"Niambie kwa Kiswahili," mama yake akamwamuru.

"Mama, hapa kumeandikwa Leokadia."

Kesho yake Kahindo alimfuata mwenzake akiwa anapakia gari.

"Wangekuuliza maswali ungejibu nini?" Leokadia alisema. "Nilitusaidia sote. Meza yetu sasa inajulikana."

"Na vikwembe? Uliwaambia ni vya nani?"

Leokadia alifunga sanduku, akalifungua tena.

"Nilisema ni vya marehemu mama yangu."

"Marehemu! Mama yako yuko Bukoba anatafuna senene! Wangu ndiye aliye kaburini."

Tangu siku ile Kahindo anasafiri peke yake. Hupanda treni na masanduku mawili ya magurudumu, na kondakta wa Örebro amekwisha kumzoea. Alijiandikisha darasa la Kiswidi la wageni, na akiwa na miaka arobaini na minane akaandika jina lake kwa mara ya kwanza, likapinda kama mzabibu, lakini lake.

Agripina wa kwaya alimshauri: "Fumua tu, ushone lako. Kazi ya nusu saa."

"Aliyeandika ndiye afumue," Kahindo akajibu. "Mimi nikifumua, itakuwa kama hakuna aliyekosa."

Yeye na Leokadia bado hukutana kwenye kumbi za maonyesho. Leokadia humsalimu kutoka meza ya pili, "Habari za siku nyingi, Mama Heshima?" na Kahindo huitikia, maana salamu haikatazwi.

Lakini deni liko palepale, na mdaiwa ni Leokadia. Anadaiwa kuzifumua zile herufi kwa mikono yake. Tena anadaiwa kusimama mbele ya wanawake walewale waliompa maua, na kwa Kiswidi chake kilekile kizuri awaambie kwamba blanketi lilishonwa na Kahindo, na kwamba vikwembe vile alivivaa Kavira wa Butembo, mama yake Kahindo, mpaka alipokufa.