Siku Hewa Ilipoinua Paa la Mwalimu

Kazi yangu ni kuezeka nyumba. Nimeezeka Suna na vijiji vinavyoizunguka kwa miaka mingi, na muda huo wote upepo ulikuwa kwangu kama inzi: unasumbua, unapita, mtu haketi chini kuufikiria. Aliyenigeuza ni mwalimu mmoja mstaafu, mama aliyefundisha fizikia maisha yake yote. Alinipigia simu niende kumwezekea upya nyumba yake karibu na Kendu Bay, kwenye mteremko unaotazama ziwa.

Nilienda na binamu yangu, fundi mwenzangu. Mwalimu alitaka upenu mpana mbele na nyuma, apate kivuli cha kukaa na vitabu vyake. Nikamwambia hilo ni jambo dogo. Zile mbao zinazolala juu ya ukuta na kubeba paa nilizifunga kwa waya kwenye pembe nne tu, kama nilivyozoea Suna, ambako nyumba zimesongamana na kila moja inaikinga nyingine. Kwa mwalimu hapakuwa na jirani wa karibu wala mti mkubwa. Niliona hivyo kwa macho, lakini kichwani hakikuingia kitu.

Nilichokitambua kwanza ni unga wa mbao. Asubuhi nikikata mbao, unga uliondoka kwenye msumeno ukateremka kuelekea ziwani. Ikifika kama saa nne, unga ulianguka miguuni pangu na kutulia. Saa sita ulikuwa unanirudia machoni, ukitoka upande wa maji. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu nikahamisha meza yangu ya kukatia mapema, kabla upepo haujageuka, na mwalimu akaniona. Akauliza kwa nini nahama wakati kivuli kiko palepale. Nilipomweleza, alivuta kiti akaketi karibu nami, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyepata mwanafunzi baada ya miaka ya kukosa.

Alinieleza bila haraka. Hewa ina uzito, alisema, na inatubana kutoka kila upande. Jua likitoka, ardhi hupata joto upesi lakini ziwa hukawia. Hewa iliyo juu ya ardhi hutanuka, huwa nyepesi na kupanda, kwa hiyo chini mgandamizo unapungua. Ile iliyo juu ya maji bado ni ya baridi na nzito, nayo inasogea kuja huku palipolegea. Usiku ardhi inapoa kuliko ziwa, na safari inageuka, ndiyo maana asubuhi unga wangu ulikuwa ukienda majini.

"Upepo wote unaoujua ni huo, fundi," alisema. "Hata ule unaopindua mashua. Ni hewa inatoka ilikobanwa, inaenda ilikolegea."

Nikamuuliza, kama hewa ni nzito, mbona mimi siisikii? Akanijibu kwamba mabegani mwangu nilikuwa nimebeba uzito wa magunia kadhaa ya mahindi, ila mwili wangu nao unasukuma kutoka ndani kwa nguvu hiyo hiyo, na samaki aliye chini ya ziwa naye hajui kwamba maji ni mazito. Siku hiyo mara kwa mara nilisimamisha nyundo nikautazama mkono wangu.

Siku ya tano paa lilikuwa limekamilika, zimebaki mbao za pembeni tu. Binamu yangu alikuwa ameenda sokoni kutafuta misumari. Baada ya chakula cha mchana, upepo wa ziwa ulioanza saa sita ulikatika ghafla. Upande wa vilima vya Kisii mawingu yalikuwa yamejenga mnara, juu meupe, chini meusi yenye rangi ya bluu. Kule ufuoni niliwaona akina mama wakizoa dagaa wa omena waliowaanika na kuwatia kwenye mabeseni, na hakuna aliyesimama kuzungumza na mwenzake. Mimi na mwalimu tukaingia ndani. Kulikuwa na joto la kunata, kwa hiyo nikaufungua mlango wa nyuma ili tupumue.

Upepo uliingia kwa mlango huo huo. Haukutoka ziwani bali vilimani, nao ulikuwa baridi kama mtu amefungua friji. Masikio yangu yaliziba. Pazia la dirisha la mbele lilitoka nje lote na kunyooka. Kalenda ilibanduka ukutani ikasimama hewani kwenye msumari wake. Kisha mbao zikaanza kulia, na nikaona kati ya ukuta na paa mstari wa mwanga, mwembamba kama kidole. Ukawa kiganja. Kupitia hapo niliviona vilima. Kwa muda ambao hata leo siwezi kuupima, paa zima lilining'inia juu yetu bila kugusa chochote, likiwa zuri kama nilivyolipanga, halafu likaondoka.

Nilimshika mwalimu mkono tukaingia chini ya meza kubwa. Mvua ya mawe ikamwagika sebuleni.

Ilipopungua tulitoka chini ya meza. Paa lilikuwa limeruka ua wa mkonge na kulala kichwa chini kwenye shamba la mihogo, mabati yote yangali yameshikana na mbao zake. Hakuna aliyeumia, wala mbuzi wa mwalimu hakuumia, na nikamshukuru Nyasaye, Mungu wetu, kwa sauti. Lakini aibu ilinijaa. Nikaanza kuomba msamaha, maneno yakigongana. Mwalimu hakunisikiliza. Alikuwa amesimama katikati ya sebule, nywele zake nyeupe zimelowa, anatazama mbinguni mahali palipokuwa na paa saa moja iliyopita.

"Unajua ni nini kimeliinua?" aliniuliza.

"Ni upepo, Mwalimu."

"Ni hewa tuliyokuwa tukiivuta humu ndani, mimi na wewe."

Alivuta droo, akatoa daftari lililosalimika na kuchana ukurasa. Akauweka chini ya mdomo wake, ukaning'inia. Akapuliza juu yake. Nilitazamia ukurasa uende chini, lakini ulipanda ukakaa sawa mbele ya uso wake. Akanipa nami nijaribu, nikapuliza mara tatu, na mara zote tatu ukapanda. Hewa inayopita mbio juu ya paa hubana kidogo kuliko iliyotulia, alisema, na ile ya ndani, ikiongezewa na inayoingia mlangoni, husukuma juu kwa nguvu zake zote. Nilijua nani alifungua mlango. Nilipolitaja hilo, alisema tu kwamba joto lilikuwa letu sote wawili.

Alikataa kutafuta fundi mwingine. Tulipunguza upenu ili upepo usipate pa kushika, na kila ubao wa paa tukaufunga kwa tepe ya chuma iliyoshuka hadi ndani ya ukuta. Kabla hatujaondoka, dhoruba nyingine ikateremka kutoka vilimani. Tulifunga milango yote, na sote watatu tukaketi ndani, viganja vyetu vikiwa ukutani. Ukuta ulitetemeka kama ubavu wa ng'ombe anayepumua. Mbao zililalamika, zikavutana na chuma, na paa likabaki.

Mwaka jana niliitwa kuezeka darasa katika bonde la Lambwe. Mchana mmoja nilikuwa juu kabisa, nimekalia mgongo wa paa, na bonde lote likiwaka jua chini yangu. Niliona kwenye ukuta wa milima pamba ndogo ya wingu ikizaliwa mahali ambapo hapakuwa na kitu. Ikavimba. Ikaota nyingine kando yake. Nilijua sasa kwamba hapo kuna mlima wa hewa ya moto unaopanda, usioonekana, na kwamba upepo uliokuwa ukipita kwenye shati langu ulikuwa njiani kwenda kujaza nafasi yake. Nikaweka nyundo chini.

Binamu yangu akauliza kutoka chini kama nimeishiwa na misumari. Nikamwambia apande. Alipanda, akaketi kando yangu, nikamwonyesha. Tuliketi tukiyatazama mawingu, bila kupigilia bati lingine, mpaka matone ya kwanza yalipotugusa.