Moshi Wetu Haukutosha

Mwaka ule vita vilikuwa vimetutoa Walikale, mimi na mama mkwe wangu, tukajikuta kambini Lushebere chini ya turubai moja. Kwetu nilikuwa nafundisha shule ya msingi. Kambini sikuwa na darasa, lakini watu waliendelea kuniita Mwalimu, na kwa sababu ya Kifaransa changu mkubwa wa kambi aliniita kila alipofika mgeni.

Asubuhi moja akafika mama mmoja Muzungu, bado kijana, amevaa buti mpya za mvua. Akaniambia hakutoka kwenye shirika la msaada. Alitumwa na nyumba moja ya mitindo ya Ulaya, inayotengeneza magauni na mikoba ya matajiri. Nilidhani wanatafuta washonaji, na moyo ukaniruka, maana mama mkwe wangu alikuwa na mkono mzuri wa sindano.

"Hapana," akasema. "Nimekuja kwa ajili ya moshi."

Akanieleza tukitembea. Viwanda vyao, ngozi zao, ndege zinazobeba nguo zao, vyote vinatoa hewa chafu inayoipasha dunia joto. Nyumba ile ilikuwa imeahidi mbele ya watu kuipunguza kabla ya mwaka fulani. Sehemu watakayoshindwa kuipunguza kwao, wataipunguza kwingine: watagawa mbabula za udongo, yale majiko yanayokula kuni kidogo, na moshi ambao sisi hatutautoa utahesabiwa upande wao.

Nilisimama. Nikamwomba arudie, nikidhani ni Kifaransa changu kilichokosea. Akarudia polepole. Yalikuwa yaleyale.

"Kwa hiyo tukipunguza moshi sisi, wa kwenu unafutika?"

"Kwa hesabu, ndiyo."

Hata hivyo nilizitaka zile mbabula. Kuni zilikuwa juu mlimani, na mlimani kulikuwa na watu wenye bunduki. Kuna akina mama waliorudi bila kuni wala sauti, na kuna ambao hawakurudi. Kitu chochote cha kutupunguzia njia ile, kije kutoka popote. Kwa hiyo nilitafsiri kwa moyo wangu wote.

Tulianzia kwetu. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni akichambua sombe, majani ya muhogo ya mboga. Mgeni akainama, akamsalimia kwa heshima, kisha akauliza anapika mara ngapi kwa siku. Asubuhi, mchana na jioni?

Mama mkwe akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Huyu anasema nini?"

"Anauliza kwa siku unapika mara ngapi, Mama."

"Mara moja. Na umuambie kuko siku hatuwashe moto hata kidogo."

"Na siku hiyo mnakula nini?" mgeni akauliza.

"Umuulize yeye. Moto haukuwaka, muntu atakula nini?"

Sikulitafsiri hilo. Mgeni alikwisha kulisoma usoni mwa Mama.

Mlango baada ya mlango jibu likawa lile lile. Ilikuwa saa ya kula, na mafiga mengi yalikuwa baridi. Mwishoni mgeni akaegemea gari lake, akapiga hesabu kwenye simu, akafuta, akapiga tena.

"Hautoshi," akasema.

"Nini hakitoshi?"

"Moshi wenu. Ni kidogo mno. Mradi unahitaji watu wanaochoma kuni nyingi, ili kuwe na kitu cha kupunguza. Hapa hakuna cha kupunguza."

Nimekimbia risasi. Nimezika watu bila jeneza. Lakini nilikuwa sijawahi kusikia njaa yetu ikitajwa kwa sauti ya upole namna ile, kama kasoro ya hesabu.

"Hamtatupa mbabula kwa sababu hatupiki vya kutosha?"

Akawa mwekundu mpaka shingoni. "Si mimi ninayeamua. Nitawaandikia." Naamini aliwaandikia. Akafungua nyuma ya gari, akatoa mbabula moja aliyoileta ya mfano, akaiweka mikononi mwa mama mkwe wangu, kisha akageuka haraka tusimwone macho.

Mimi ndiye niliyebaki na kazi ya kuwaambia akina mama waliokuwa wakingoja penye bomba la maji. "Wanasema tunatoa moshi kidogo," nikasema. Kisha mama mmoja, aliyekimbia kutoka Kashuga, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, na wengine wakamfuata. Mimi sikuweza.

Mbabula ile tuliitumia mpaka mapigano yalipokaribia, tukaiacha tukaondoka kwa miguu.

Sasa ninaishi Goma. Mwaka jana niliitafuta nyumba ile kwenye simu. Walikuwa wakitangaza kwamba ahadi yao inaendelea vizuri. Chini ya maneno palikuwa na picha ya mama wa nchi nyingine, anatabasamu, chungu kikiwa juu ya mbabula. Niliikuza picha kwa vidole mpaka ikawa madoadoa matupu, nikitaka kuona anapika nini.